Makere: Misitu ya Miti Myekundu

Makere ni kata ya Wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma, kwenye barabara inayotoka mji wa Kasulu kwenda Kibondo. Jina hilohilo limepewa misitu miwili ya hifadhi, Makere Kaskazini na Makere Kusini. Anayetoka Kasulu huiacha nyuma milima ya Heru, yenye migomba na mashamba ya maharage yaliyobanana hadi kwenye kingo za vijito, akateremka polepole kuelekea mashariki. Huko ardhi hutandawaa, nyumba hupungua, na miombo huanza. Tofauti ya pande hizo mbili haikuletwa na udongo na mvua peke yake. Kwa sehemu kubwa imeletwa na historia, na historia hiyo ina tarehe.

Nchi yenyewe iko juu, kati ya mita 1,000 na 1,300 hivi kutoka usawa wa bahari. Ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Oktoba au Novemba na kwisha Aprili au Mei, na kwa mwaka hunyesha karibu milimita 1,000. Milimani upande wa magharibi hunyesha zaidi. Miezi inayobaki ni kiangazi. Nyasi hukauka, moto hupita, na kufikia Agosti msitu huonekana kana kwamba umekufa, matawi matupu juu ya majivu.

Kisha, mwezi Septemba, mvua ikiwa bado iko mbali, msitu hugeuka mwekundu. Miyombo na jamaa zake hutoa majani machanga yenye rangi ya shaba, ya waridi, ya matofali mabichi na ya damu ya mzee, mti huu hivi na wa jirani yake vile, hata kilima kizima kikaonekana kama kinawaka bila moshi. Hali hiyo hudumu wiki chache tu. Majani yakikomaa hugeuka kijani, na mvua inapoanza msitu huwa umekwisha kuvaa. Miti hiyo haisubiri mvua kwa sababu mizizi yake hushuka mbali chini na shina lenyewe huweka akiba ya maji. Wekundu wa jani changa wataalamu wa mimea huueleza kuwa ni kinga: rangi hiyo hupunguza ukali wa jua kwa jani ambalo bado ni laini. Nchi za kaskazini ya dunia husifiwa sana kwa misitu inayogeuka myekundu majani yanapokufa. Makere msitu hugeuka mwekundu majani yanapozaliwa, na ni uzuri ambao Watanzania wengi hawajauona, kwa kuwa Septemba si mwezi wa watu kusafiri kwenda Kigoma.

Mninga na mkurungu

Uko wekundu mwingine, uliofichwa ndani ya magome. Katika miombo ya Makere, kama katika miombo mingine ya magharibi ya Tanzania, inaota miti miwili ya ukoo mmoja ambayo mbao zake ni nyekundu na utomvu wake ni mwekundu kama damu. Mmoja ni mninga, ambao kwa jina la kisayansi huitwa Pterocarpus angolensis. Wa pili ni mkurungu, Pterocarpus tinctorius. Yote miwili ni ya jamii ya mikunde, ndugu wa mbali wa maharage yanayolimwa kwenye milima ya Heru.

Mninga mkubwa hufikia mita 15 hadi 20, mara chache zaidi ya hapo. Kwa kimo hauwezi kuwekwa sawa na misekwoya ya pwani ya California huko Marekani, miti mingine maarufu kwa mbao nyekundu, ambayo mmoja wake umepimwa ukazidi mita 115 na ambayo huweza kuishi zaidi ya miaka 2,000. Msekwoya hunyweshwa na ukungu wa bahari hata wakati wa kiangazi. Mninga hauna ukungu wa kuunywesha. Unaishi mahali penye kiu miezi mitano au sita kila mwaka, na penye moto karibu kila mwaka, na namna unavyoyashinda hayo mawili ndiyo inayoufanya mti huu uwe wa kustaajabisha.

Tunda la mninga ni la duara na bapa, mfano wa chapati ndogo yenye manyoya magumu katikati na ukingo mwembamba kama karatasi. Ukingo huo hulifanya lipeperuke na upepo. Mbegu ikiangukia mahali pema huota mvua zinapoanza, lakini kiangazi kikifika shina dogo hufa, likachomwa na moto au kukauka. Mzizi haufi. Mvua za mwaka unaofuata mzizi hutoa shina jipya, nalo hufa. Hali huendelea hivyo miaka mingi, pengine kumi au zaidi, shina likifa juu na mzizi ukinenepa chini, hadi mwaka ambao mzizi una akiba ya kutosha kulirusha shina juu ya kimo cha moto kwa msimu mmoja. Kuanzia hapo mche huwa mti. Baada ya hapo hukua polepole, na kwa kawaida huhitaji miaka 80 hadi 100 kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Asiyejua hupita penye miche hiyo akaona kichaka kisicho na maana.

Ukubwa wa thamani ya mninga umetokana na ubao wake. Hausinyai sana unapokauka, hivyo mlango hauvutiki wala droo haikwami. Mchwa hawaupendi. Unakubali randa na patasi, na rangi yake ni ya kahawia inayoelekea wekundu, yenye mistari ya dhahabu. Kwa sababu hiyo kitanda cha mninga kilikuwa, na katika nyumba nyingi bado ni, kitu cha kuachiwa watoto. Utomvu nao una kazi zake: gome likikatwa hutiririka, huganda, na tangu zamani umetumika kupaka rangi na kutengeneza dawa za asili. Mkurungu una wekundu mkali kuliko mninga, na jina lake la kisayansi lenyewe, tinctorius, limetokana na kazi ya kutia rangi. Kwa muda mrefu mkurungu haukuwa na soko kubwa. Mambo yalibadilika karne hii, biashara ya mbao nyekundu za samani ilipopanuka Asia, hasa China, na magogo ya mkurungu yakaanza kutafutwa kote katika ukanda wa miombo. Mwaka 2019 mkurungu uliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, ikafuata miti yote ya jenasi hiyo iliyoko Afrika, mninga ukiwamo. Maana yake ni kwamba magogo na mbao za miti hiyo haziwezi kuvuka mipaka ya nchi kihalali bila kibali kinachothibitisha kuwa uvunaji haukuhatarisha uhai wa aina hiyo.

Miti mingi zaidi msituni si mninga wala mkurungu bali miyombo yenyewe, na kwa watu wa Makere hiyo ndiyo miti ya asali. Nyuki hufuata maua yake, na gome lake huchunwa likaviringwa kuwa mzinga. Mizinga mingine huchongwa kwa magogo na kutundikwa juu, mbali na moto na nyegere. Kibondo na Kasulu zimejulikana kwa asali na nta tangu zamani, na hata leo warina asali ndio wanaoujua msitu kwa undani kuliko wote: wanajua maua ya mti gani yanatangulia, kijito gani hakikauki, mahali gani tembo hupita. Mvua za kwanza huleta uyoga. Mwingine huota kwenye vichuguu vya mchwa, mwingine huota chini ya miyombo, kwa kuwa mizizi ya miti hiyo huishi kwa kushirikiana na kuvu wa ardhini: mti hutoa sukari, kuvu huutafutia mti madini katika udongo ulio maskini. Wanawake wanaouza uyoga kando ya barabara mwezi Novemba wanauza matunda ya ushirika huo. Msitu unapofyekwa, uyoga huo huondoka pamoja na miti, na hakuna shamba linaloweza kuurudisha.

Falme za Buha

Nchi hii yote ni Buha, nchi ya Waha, ambao lugha yao, Kiha, ni jirani wa karibu sana wa Kirundi. Buha haikuwa dola moja. Ilikuwa na falme kadhaa, kila moja ikiwa na mwami wake: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kaskazini kunakoitwa sasa Kakonko, na nyingine ndogo zaidi zikiwamo Luguru, Bushingo na Nkalinzi. Majina hayo hayajafa. Muhambwe ni jimbo la uchaguzi hadi leo, Buyungu lilikuwa jina la jimbo hadi mwaka 2025, na Heru imebaki katika jina la Heru Juu, mahali palipokuwa makao ya utawala.

Mwami alitawala watu na ng'ombe. Ng'ombe wenye pembe ndefu waliwafunga watu kwa uhusiano wa mtoaji na mpokeaji: aliyepewa ng'ombe alitoa utumishi na heshima. Ardhi ilikuwa na mwenyewe mwingine. Huyo alikuwa mteko, kiongozi wa mila aliyekuwa na mamlaka juu ya eneo fulani, aliyeruhusu mgeni kufungua shamba na aliyefanya matambiko ya nchi. Mpangilio huo unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu unaonyesha kuwa pori la Buha halikuwa pori la bure. Kila bonde lilikuwa na mtu aliyeulizwa kabla shoka halijainuliwa.

Biashara kubwa ya kale ya upande huu wa nchi ilikuwa chumvi. Kusini mwa Kasulu, kwenye makutano ya mto Ruchugi na Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza. Uchimbaji wa kitaalamu uliofanywa hapo mwaka 1967 na John Sutton na Andrew Roberts ulionyesha kuwa watu walikuwa wakichemsha maji hayo tangu karibu karne ya 5. Chumvi hiyo ilisafirishwa mbali pande zote za Ziwa Tanganyika na ndani ya bara. Kuchemsha maji hadi yabaki mawe ya chumvi kunahitaji kuni nyingi mno, na hapo ndipo msitu unapoingia katika hesabu: muda wa karne kumi na nne au zaidi miombo ya bonde la Malagarasi imekuwa ikigeuzwa chumvi. Wanaosema kwamba misitu hii haikuguswa hadi juzi hawajaihesabu Uvinza.

Karne ya 19 misafara ya pwani ilipita kusini mwa Buha ikielekea Ujiji. Watawala wa Buha walidai hongo, na walidai kwa haki, kwa kuwa njia ilikuwa katika nchi yao na misafara ilikula chakula chao. Henry Morton Stanley alivuka Malagarasi mwanzoni mwa Novemba 1871 akimtafuta David Livingstone. Alitozwa nguo mara kadhaa, na mwishowe aliamua kutembeza msafara wake usiku, kwa kificho, kupitia porini ili asikutane na watoza hongo wengine. Siku chache baadaye alifika Ujiji. Simulizi yake imewafanya wasomaji wengi wa Ulaya waijue Buha kama nchi ya vizuizi. Ukweli ni kwamba alikutana na serikali zinazojua mipaka yake.

Wajerumani waliiweka Buha chini ya Ujiji, na mwaka 1914 reli ya kati ilifika Kigoma. Vita Kuu ya Kwanza iliwaleta Wabelgiji mwaka 1916. Waliushika upande huu hadi 1921, kisha Waingereza wakaupokea. Katika utawala wa Waingereza reli ilichukua watu kuliko ilivyochukua mazao. Kigoma ikageuzwa shamba la kuvuna vibarua. Vijana wa Kiha walikwenda kwa maelfu kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro wakiwa manamba, wakiandikishwa na mawakala, na baada ya 1944 na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuajiri wafanyakazi. Kodi ilidai fedha, na fedha haikupatikana karibu.

Utawala wa mwami uliendelea chini ya Waingereza. Mwaka 1946 Heru ilipata mtawala mwanamke, Mwami Theresa Ntare, mmoja wa wanawake wachache sana waliotawala eneo kubwa Tanganyika nyakati hizo na mmoja wa wanawake wa kwanza kuingia katika siasa za kitaifa. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963.

Mwaka 1933

Historia ya msitu wa Makere hugeuka katika mwaka 1933. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ulikuwa umeenea katika miombo ya mashariki ya Buha. Mbung'o hupenda kivuli cha miti na vichaka, na mtu anayeingia porini kurina, kuwinda au kuvua ndiye anayeumwa. Vimelea huingia katika damu, baadaye katika ubongo. Mgonjwa hulala mchana, hukesha usiku, akili hupotea, na asipotibiwa hufa. Ng'ombe nao huugua nagana.

Serikali ya kikoloni iliona kwamba tatizo ni watu kuishi wametawanyika. Kaya moja peke yake haiwezi kufyeka vichaka vya kutosha kumfukuza mbung'o, lakini kaya mia kadhaa zikilima bega kwa bega zinaweza. Basi kuanzia mwaka 1933 Waha wa mabonde na nyanda za miombo waliondolewa kwenye vijiji vyao na kupelekwa katika makazi ya malale, yaliyopimwa na kupangwa karibu na barabara. Hoja ya kitabibu ilikuwa na msingi. Lakini watu hawakuulizwa, na waliacha nyuma mashamba, mizinga, makaburi na wateko wao, yaani waliacha mamlaka yote ya kimila yaliyokuwa yamefungwa na ardhi ile. Mteko asiye na nchi yake ni mzee kama wazee wengine.

Walipoondoka, miti ilirudi. Mashamba yakawa vichaka, vichaka vikawa miombo, na mbung'o akapata makao mapana kuliko mwanzo. Wanyama waliongezeka. Katika miongo iliyofuata sehemu kubwa za nchi iliyokuwa imehamwa zilitangazwa kuwa misitu ya hifadhi na mapori ya akiba, kwa maelezo kwamba hazina watu. Hazikuwa na watu kwa sababu watu walikuwa wameondolewa. Mahame ya namna hii hutambulika kwa jicho lililozoea: jiwe la kusagia nafaka lililozama nusu udongoni, vigae vya vyungu, mti wa kupandwa uliosimama peke yake katikati ya miti ya mwitu.

Hapa hesabu ya mninga ina maana yake. Mbegu iliyoota juu ya hame mara baada ya 1933, ikapita miaka kumi au zaidi ya kufa juu na kunenepa chini, kisha ikakua kwa mwendo wa kawaida, ndiyo kwanza inafikia unene wa mbao katika miaka hii. Mninga unaopasuliwa leo katika mahame ya Buha ni mti wa umri wa uhamisho ule.

Vijiji na kambi

Uhamisho wa pili ulifanywa na serikali huru. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, mojawapo ya operesheni za mwanzo za kuwahamishia wananchi wa mkoa mzima katika vijiji vya ujamaa, kabla agizo hilo halijawa la nchi nzima. Kwa wazee wa Kasulu na Kibondo lilikuwa jambo la mara ya pili maishani: tena kujengwa kwa mistari, tena kando ya barabara. Vijiji vilileta shule, zahanati na visima. Pia vilikusanya mashamba na ukataji wa kuni mahali pamoja, na pete ya ardhi iliyochoka ikaanza kupanuka kuzunguka kila kijiji.

Mwaka 1996 Makere ilipokea watu kwa namna nyingine. Vita vya Kongo vilivusha watu Ziwa Tanganyika, na wakimbizi kutoka Kivu Kusini, wengi wao Wabembe, waliwekwa katika kambi ya Nyarugusu, ndani ya kata hii. Kambi nyingine za mkoa, nyingi zikiwa za Warundi, zilifunguliwa na kufungwa. Mtabila, iliyokuwa Kasulu pia, ilifungwa mwishoni mwa 2012. Nyarugusu ilibaki. Mwaka 2015 machafuko ya Burundi yaliongeza makumi ya maelfu ya watu katika miezi michache, na kambi ikapita watu 150,000, ikawa miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Kibondo nako, kambi ya Nduta ilifunguliwa tena. Kiswahili ndicho kimekuwa lugha ya sokoni katika mchanganyiko huu, Kiswahili cha Kongo kikikutana na cha Kigoma mbele ya mafungu ya dagaa na migebuka, na watoto waliozaliwa kambini wanazungumza chenye ladha ya pande zote mbili.

Mji wa watu 150,000 unaopikia kuni hula msitu. Ukataji ulisambaa pande zote za kambi, na wanawake walilazimika kwenda mbali zaidi kila mwaka, katika hatari ya kushambuliwa njiani. Majiko banifu na gesi vimejaribiwa, miti imepandwa. Si haki kuubebesha ukimbizi lawama yote, kama ifanywavyo mara nyingi katika mazungumzo ya Kasulu na Kibondo. Mkaa unaopikia mijini, mashamba mapya ya mahindi na muhogo, makundi ya ng'ombe kutoka mikoa mingine na biashara ya magogo vyote vimekata Makere. Mkimbizi aliokota kuni. Hakubeba gogo la mkurungu kwenye lori.

Mgogoro mzito zaidi umekuwa kati ya hifadhi na wakulima wa Makere Kusini, hasa upande wa Kagera Nkanda na Mvinza. Wananchi walilima ndani ya mipaka ya msitu, wakaondolewa, wakarudi, na baada ya miaka ya mivutano serikali ilikubali kumega sehemu ya hifadhi iwe ardhi ya kilimo. Sehemu iliyobaki iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ni vigumu kuutazama ugomvi huo bila kuukumbuka mwaka 1933. Mkulima anayeambiwa kuwa ameivamia hifadhi anaweza kuwa mjukuu wa mtu aliyeondolewa papo hapo. Hilo halimfanyi mmiliki wa msitu wote, lakini linamstahilisha kusikilizwa kabla ya kufukuzwa.

Maji ya Malagarasi

Vijito vya Makere huishia Malagarasi. Mto huo huanzia karibu na mpaka wa Burundi, hukatwa na barabara ya Kasulu na Kibondo, huelekea kusini na kuingia katika mabwawa makubwa, kisha hugeuka magharibi, hupita Uvinza na kumwaga maji Ziwa Tanganyika. Ni mzunguko wa ajabu kwa mto ambao chanzo chake hakiko mbali na ziwa. Bonde lake, lenye kilometa za mraba karibu 130,000, ni kubwa kuliko mabonde yote yanayolilisha ziwa hilo. Wanajiolojia wanauona mto huu kuwa mkongwe kuliko ziwa lenyewe: kabla bonde la ufa halijatitia, maji yake yalikwenda moja kwa moja upande wa Kongo, na samaki wake wengine bado ni ndugu wa samaki wa Kongo, si wa ziwani.

Mashariki ya Makere mto hukutana na Moyowosi katika nchi ya mafunjo, maziwa madogo na mbuga zinazofurika. Mwaka 2000 eneo la Malagarasi na Moyowosi, lenye hekta 3,250,000, liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, likiwa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kupata hadhi hiyo. Ndani yake yuko nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea juu ya matope, na yuko korongo nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye husimama kimya muda mrefu akimvizia kambare au kamongo. Ndege huyo ni adimu duniani, na hapa ndipo anapokaribia mwisho wa kusini wa makao yake katika Afrika Mashariki.

Mabwawa hayo hudumu kwa sababu miombo hushika mvua. Penye miti maji huingia ardhini na kutoka polepole kwenye vijito mwaka mzima. Palipofyekwa hutiririka kwa siku moja, yakachukua udongo na kuupeleka bondeni. Wavuvi wa Malagarasi na warina asali wa Makere hawakutani mara nyingi, lakini riziki yao inatoka kwenye mizizi ileile.

Barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu na Manyovu, yenye kilometa 260 na iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, inapita katikati ya nchi hii. Kwa mkulima wa Makere ina maana ya kufikisha maharage sokoni siku hiyohiyo, na kwa mjamzito ina maana ya kufika hospitali akiwa hai. Ni neema iliyochelewa sana. Itamfikisha pia mgeni anayetaka kuona vilima vikigeuka vyekundu mwezi Septemba, na hakuna lori la magogo litakalokwama tena kwenye tope. Kazi ya kuangalia magurudumu yapi yamebeba nini inabaki kwa vizuizi vya maliasili na kwa kamati za vijiji, ambazo sheria ya misitu ya mwaka 2002 inaziruhusu kumiliki na kulinda misitu yao na kula matunda yake.

Mninga ni mgumu kupandwa kama zao. Mbegu zake huota kwa shida, na aliyeotesha hana njia ya kuuharakisha mzizi. Kwa sasa mninga wa Makere utatoka kwenye miche iliyomo msituni, ile inayofanana na kichaka kisicho na maana. Mche utakaochipua katika mvua za mwaka huu, ukinusurika moto, jembe na kwato, utafaa kupasuliwa mbao mwanzoni mwa karne ya 22.